Kutunga mchezo wa kompyuta: RPG Maker na mfano wa Kaya Kinondo

RPG Maker ni programu iliyoanzia Japani mwaka 1992, inayomwezesha hata asiyejua lugha za kompyuta kutunga mchezo wenye hadithi. Mtungaji hupanga vipande vya picha kuwa ramani, kisha huweka masharti. Mfano ni Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo karibu na Diani, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2008: mhusika asiyejifunga kaniki hukutana na mzee anayemrudisha. Maandishi ya Kiswahili hayana taabu, kwani hayahitaji herufi za ziada. Kazi imo katika picha. Zilizo tayari ni zaidi ngome za Ulaya. Mikoko ya Gazi, Msambweni, sharti ichorwe upya. Fingo lililozikwa kayani ni siri ya wazee, wala halichorwi bila idhini yao.