Mashine Kwanza, Mnasihi Baadaye? Ulezi wa Kitaaluma kama Sehemu ya Dozi katika Tiba ya Mionzi

Katika mijadala ya sera za saratani Afrika Mashariki, msaada wa kisaikolojia hupangwa nyuma ya mashine. Kwanza mashine, kisha wataalamu, na bajeti ikibaki, mnasihi. Hoja hiyo ina msingi. Kamisheni ya jarida la The Lancet Oncology, iliyoongozwa na Rifat Atun, ilikadiria mwaka 2015 kuwa kupanua tiba ya mionzi katika nchi za kipato cha chini na cha kati hadi 2035 kungeokoa miaka ya uhai milioni 26.9. Uganda nayo ilionja machungu ya upungufu mwaka 2016, mashine yake ya kobalti katika Hospitali ya Mulago ilipokufa. Mpya ilizinduliwa Januari 2018. Bila mashine hakuna tiba. Ninachobisha ni huo mpangilio. Msaada wa kisaikolojia ni sehemu ya dozi yenyewe, na anayeutoa, apende asipende, ni mtaalamu wa tiba mionzi aliyeko mashineni. Ujuzi wa kuutoa ataurithi kwa aliyemtangulia, la sivyo ataukosa.

Urithishaji huo ndio ulezi wa kitaaluma. Kuhusu faida yake kwa jumla, wanazuoni hawagombani. Tangu Kathy Kram achapishe utafiti wake mwaka 1985, inakubalika kuwa mlezi ana kazi mbili: kumfungulia mwanagenzi njia ya kazi, na kumjenga kisaikolojia kwa kumsikiliza, kumkubali na kuwa kielelezo chake. Ugomvi huanza tunapouliza nani alelewe, na wapi. Mikutano ya mtandaoni ya AFRONET, inayosaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, huwawezesha madaktari wa nchi mbalimbali kujadili wagonjwa wagumu. Hiyo ni kazi ya kwanza ya Kram. Ya pili haipiti kwenye skrini, kwa kuwa hufundishwa pale mgonjwa anapogoma kulala mezani.

Kuona jinsi msaada huo ulivyo sehemu ya dozi, tuchukue saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Ratiba ya kawaida ni vipindi 25 hivi vya mionzi ya nje, siku tano kwa wiki, pamoja na mionzi ya ndani, na miongozo inataka yote yakamilike ndani ya siku 56. Tiba ikirefuka, chembe za saratani zilizosalia huzaliana upya. Anthony Fyles na wenzake wa Toronto walionyesha mwaka 1992 kuwa kila siku ya kuchelewa hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa takriban asilimia 1. Ni kweli kwamba takwimu hizo zilitoka kwenye mafaili ya wagonjwa waliokwishatibiwa, na huenda wenye uvimbe mkubwa ndio waliochelewa zaidi. Hata hivyo mwelekeo huohuo ulijitokeza katika tafiti nyingine za muongo ule.

Sasa, nini humfanya mwanamke aruke siku? Mashine huharibika, naam. Lakini yumo pia mama aliyetoka Kigoma, zaidi ya kilomita 1,000, anayekaa Dar es Salaam kwa shemeji yake zaidi ya mwezi mzima. Wiki ya pili au ya tatu anaanza kuharisha, mkojo unamchoma, na anaogopa kuaibika ndani ya daladala. Anahisi tiba ndiyo inayomzidishia ugonjwa. Simu za nyumbani zinauliza atarudi lini. Akikosa siku tatu, faili litasema tu kwamba hakufika. Daktari humwona kliniki mara moja kwa wiki. Mtaalamu wa mashine humwona kila siku.

Kazi yenyewe huchukua dakika chache. Mtaalamu anamlaza mgonjwa, anavuta shuka, analinganisha miale ya leza na alama zilizochorwa nyongani, anatoka na kufunga mlango mzito. Tangu hapo anamtazama kwenye skrini na kusema naye kwa kipaza sauti. Mlezi mzuri ndiye anayemwonyesha mwanagenzi kusema "Shikamoo mama, umelalaje?" kabla ya kugusa shuka, kutambua kuwa aliyezoea kuja na bintiye leo kaja peke yake, na kuuliza habari za tumbo pasipo walioko kwenye benchi kusikia. Kijana wa kiume wa miaka 24 hawezi kumhoji mtu wa rika la mama yake kuhusu uke na haja ndogo kwa sababu tu amefaulu somo la mawasiliano. Lazima amwone mkubwa wake akifanya hivyo bila kumvunjia mama yule heshima.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya wanasaikolojia. Wanasaikolojia Barry Bultz na Linda Carlson walitetea dhiki ihesabiwe kuwa ishara ya sita ya uhai, na kipimo cha dhiki cha 0 hadi 10 kimeenea. Lakini kikitumika siku ya kufungua faili tu, kitanasa hofu ya siku hiyo na kuikosa ya wiki ya tatu. Mwanasaikolojia anahitajika mno kwa mwenye sonona. Ila rufaa itatoka kwa nani, kama si kwa anayemwona kila siku?

Pingamizi zito zaidi ni mzigo wa kazi. Katika mashine za kobalti, nusu uhai ya Kobalti 60 ni miaka 5.27; chanzo cha mionzi kikifikia umri huo, mgonjwa hulala mezani muda maradufu kwa dozi ileile, na foleni hurefuka. Tumwongezee mtumishi huyo ulezi tena? Christina Maslach, katika utafiti wake kuhusu kuchoshwa na kazi, alitaja, kando ya uchovu wa kihisia, tabia ya kuwaona wahudumiwa kama vitu. Mtumishi aliyeachwa peke yake na vilio vya watu hufika huko upesi. Sidai kuwa ulezi unafuta foleni, ila yaelekea humchelewesha asifike huko.

Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, inayojitegemea tangu 1996, ilifunga mwaka 2018 mashine za LINAC, zinazotoa mionzi kwa umeme, na vyanzo vinavyofifia si tatizo kwa mashine hizo. Kilichobaki ni watu. Saa za ulezi ziingizwe kwenye ratiba kama ukaguzi wa mashine wa kila asubuhi, zihesabiwe katika kupandisha vyeo, na kila kipindi kilichokosekana kiandikwe pamoja na sababu yake. Serikali inayonunua mashine bila kulipia saa hizo inanunua dozi ambayo baadhi ya wagonjwa hawataimaliza.