Mwenyeji na Mgeni katika Magazeti ya Zama za Siasa

Nilipokwenda kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja, kusoma magazeti ya miaka ya 1950, sikuwa nikitafuta siasa. Nilitaka msamiati: majina ya mavazi, misemo ya mitaani, maneno yaliyotutoka vinywani. Nikarudi na maneno mawili ambayo kila mmoja wetu anayajua: mwenyeji na mgeni.

Mwenyeji, wapenzi wa lugha, ni mwenye mji. Lakini katika mazungumzo yetu ni zaidi ya hapo: ni yule anayekupokea. Ukishuka chomboni unaulizwa, “Mwenyeji wako nani?” Hakuna mwenyeji pasi na mgeni, wala mgeni pasi na mwenyeji, na ndiyo maana wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yalikuwa maneno ya kupokeana.

Zama za Siasa, kama Wazanzibari wanavyoiita miaka ile ya kuelekea uhuru wa 1963, ziliyageuza kuwa maneno ya kudaiana. Gazeti la Mwongozi lilikuwa la Ali Muhsin Barwani, kiongozi wa chama cha Hizbu. Afrika Kwetu lilikuwa la Mtoro Rehani, na lilisimama upande wa Waafrika. Kwa Mwongozi, mgeni alikuwa mtu wa bara, Mnyamwezi au Mmakonde, aliyevuka bahari kuja kufanya kazi katika mikarafuu. Mwenyeji alikuwa raia wa Sultani. Kwa Afrika Kwetu, mwenyeji alikuwa Mwafrika, na mgeni alikuwa Mwarabu, hata kama babu yake amezikwa Unguja. Neno lile lile, kisiwa kile kile, watu wamebadilishana mahali.

Ubishi huo ulifika hata mahakamani. Kabla ya uchaguzi wa Julai 1957, wapinzani wa Abeid Karume walipinga haki yake ya kupiga kura kwa madai kwamba hakuzaliwa Zanzibar. Walishindwa, na Karume akamshinda Ali Muhsin huko Ng'ambo. Hizbu haikupata kiti hata kimoja.

Mhariri wa siku hizo hakulazimika kusema uongo ili apendelee. Wakulima wanapofukuzwa shambani, kama ilivyotokea baada ya uchaguzi ule, kuwaita wenyeji au wageni kulitosha kumwelekeza msomaji amwonee nani huruma. Tena msomaji hakuwa mmoja. Gazeti lilisomwa kwa sauti barazani, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza na kuongeza chumvi. Sisi watunzi tunajua kijembe kinavyonoga mlengwa akiwa karibu.

Nakiri kwamba mara kadhaa nilicheka peke yangu mezani. Waandishi wale walikimudu Kiswahili kuliko wahariri wengi wa leo. Kisha macho yangu yakapanda juu ya ukurasa, kwenye tarehe, nikaona nimefika 1961.

Uchaguzi wa Januari mwaka huo haukumpa yeyote ushindi wa kutawala. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Ukarudiwa tarehe 1 Juni, na siku hiyo zikazuka ghasia. Watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu wa mashamba. Sisemi kwamba magazeti ndiyo yaliyoua. Palikuwa na ugomvi wa ardhi, na kumbukumbu ya utumwa. Lakini mtu anayekwenda kumpiga jirani yake huhitaji kwanza jina jingine la kumwitia, na jina hilo lilikwisha kuchapwa kwa miaka, wiki baada ya wiki. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 magazeti ya vyama yakatoweka. Maneno yalibaki.

Najua yalibaki kwa sababu ninalo shairi langu la zamani la malumbano, ambamo nilimwita mpinzani wangu, mzaliwa wa bara, mgeni. Halikuwa shairi la siasa; tulikuwa tukibishana juu ya vina. Wasikilizaji walipiga makofi, naye alinyamaza. Tangu nirudi Kilimani nimejaribu mara nne kulibadilisha neno lile, na kila ninaloliweka mahali pake linaharibu mizani.