Dawa Ilipowasha, Nani Aliambiwa?

Muulize mzee yeyote wa Bungoma aliyemeza klorokwini miaka ya 1980, atakueleza. Homa inashuka vizuri, halafu mwili unaanza kuwasha kuanzia nyayo hadi utosini kana kwamba umemwagiwa upupu. Mtu anajikuna usiku kucha. Wengine walizitupa tembe baada ya siku ya kwanza na malaria ikawarudia kwa nguvu. Serikali iliibadilisha dawa hiyo mwaka 1998, lakini si kwa sababu ya kuwasha, bali kwa kuwa vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea. Kuwashwa kwenyewe kulionekana jambo la kawaida tu. Wapo waliosema ndiyo dalili kwamba dawa imeshika!

Sasa linganisha na upele mwingine, ambao kisa chake kilitokea hapa hapa Kenya na wengi wetu hatujakisikia.

Kulikuwa na dawa ya kifua kikuu inayoitwa thiasetazoni. Chanzo chake ni Ujerumani, katika kazi ya mwanasayansi Gerhard Domagk na wenzake miaka ya 1940. Majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki yalionyesha kwamba ikiunganishwa na isoniazidi inatibu, tena kwa bei ya chini sana. Hong Kong na Singapore iliwasumbua wagonjwa wengi, lakini watu wa kwetu waliivumilia, kwa hivyo ikawa ndiyo dawa ya mnyonge. Mgonjwa aliimeza karibu mwaka mzima. Kwa miaka mingi ilifanya kazi yake, na tusiibeze.

Kisha ukaja Ukimwi. Kenya ilithibitisha mgonjwa wa kwanza mwaka 1984, na muda si mrefu kifua kikuu na virusi vikaanza kukaa ndani ya mwili mmoja. Hapo dawa ile ile iliyozoeleka ikageuka. Mgonjwa anaanza matibabu, baada ya wiki chache anatokwa na upele, macho yanakuwa mekundu, mdomo unajaa vidonda, na kwa wengine ngozi inambambuka kama ya mtu aliyeungua moto. Hebu fikiria jamaa zake wakimtazama. Kijijini angeambiwa amerogwa, au amepatwa na jini, au ni ugonjwa wenyewe umemzidi. Dawa iliyotolewa hospitalini ingekuwa ya mwisho kushukiwa.

Nairobi kulikuwa na watafiti waliokuwa wakiandika. Siri yote iko hapo. Waliandika nani amepewa dawa gani, ameanza lini, ametokwa na nini, ana virusi au hana. Walipohesabu na kutangaza matokeo mwaka 1991, ilionekana kwamba kati ya wenye virusi takriban mmoja katika kila watano alipatwa na upele huo, na kwa wasio na virusi ni kama mmoja tu katika mia. Baadhi yao walikuwa wamekufa. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba wenye virusi wasipewe thiasetazoni, na ethambutoli ikachukua nafasi yake, ingawa ilikuwa ghali zaidi. Jamani, ngozi za wagonjwa wa Nairobi ziliwaokoa watu ambao hawatawajua kamwe.

Huku kwetu magharibi tulikuwa na zamu yetu. Mpango wa AMPATH ulianza Eldoret mwaka 2001 na baadaye ukafika Kitale, Webuye na Naitiri. Tembe za ARV ziliwainua watu waliokuwa wamelazwa wakingoja kufa, alhamdulillah. Lakini mojawapo, stavudini, ambayo wagonjwa waliijua kama d4T, ilikuwa na yake. Nyayo zilikufa ganzi au kuchoma kama pilipili. Mashavu yalibonyea, mapaja na makalio yakaisha nyama. Virusi vimetulia, lakini uso unamtangazia kila mtu sokoni kwamba huyu ni mgonjwa. Kwa maoni yangu hilo la uso liliumiza kuliko ganzi, kwa sababu mtu angeweza kuacha dawa ili afiche siri, na kuacha ni kifo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi ziiondoe polepole.

Dunia ilikuwa imejifunza zamani kwamba lazima mtu aandike. Dawa ya thalidomaidi iliuzwa Ujerumani kuanzia 1957, wajawazito wakaimeza kutuliza kichefuchefu, na watoto zaidi ya 10,000 duniani wakazaliwa na viungo vilivyoharibika kabla haijaondolewa mwishoni mwa 1961. Ndipo mwaka 1968 ukaanzishwa mpango wa nchi mbalimbali kupelekeana habari za madhara ya dawa. Tanzania iliingia 1993. Sisi Kenya tuliingia 2010, miaka 17 baada ya jirani!

Anayepokea taarifa hizo nchini ni Bodi ya Famasia na Sumu. Ipo fomu ya manjano kwa ajili ya madhara na nyingine ya waridi kwa dawa mbovu, na siku hizi taarifa hutumwa pia kwa intaneti. Usizitupe tembe kimyakimya. Rudi kwa daktari au mwenye duka la dawa na paketi yako mkononi, useme ulianza siku gani na mwili ukabadilika siku gani. Kama ni vidonda mdomoni, ngozi kubambuka, uso kuvimba au pumzi kubana, usingoje kesho, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Na liseme na la saumu. Wapo wanaokusanya tembe za mchana na za jioni wakazimeza kwa mkupuo baada ya futari, wakianguka wanasema ni njaa. Ruhusa ya mgonjwa kula inajulikana. Mweleze daktari kwamba unafunga, na umtajie pia mizizi uliyochemshiwa nyumbani, maana ile fomu ya manjano inaiuliza nayo.