Thamani ya Saini na Thamani ya Barua

Azimio la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776 lilitiwa saini na watu 56. Katika karne ya 19, wakusanyaji walianza kutafuta barua au hati yenye saini ya kila mmoja wao. Anayetajwa kuwa wa kwanza kuzikamilisha ni mchungaji William Sprague. Bushrod Washington alimruhusu kuchukua barua katika makabrasha ya marehemu ami yake, George Washington, mradi aache nakala.

Saini adimu kuliko zote ni ya Button Gwinnett wa Georgia, aliyefariki mwaka 1777 kwa jeraha la pambano la bastola. Kwa sababu hiyo, hata hati yake ya deni yaweza kuuzwa ghali kuliko barua ya mwenzake yenye hoja nzito za siasa.

Ndugu wasomaji, soko hupima uchache. Sisi tunapima maelezo. Wakusanyaji waliokoa karatasi nyingi, lakini pia walizitawanya. Barua ikitenganishwa na jibu lake, mazungumzo hukatika. Basi tunapokusanya barua za wazee wetu, tuandike kwanza zilikotoka na zilikaa pamoja na zipi.