Antivirasi Mbili Kwa Laptopu Moja? Hii Ndio Sababu Mashine Yako Inakwama

Umeprinti CV kwa saiba pale Bombolulu, kufika home folda zote za flashi zimegeuka shotikati. Ukaogopa, ukaweka antivirasi ya bure. Beshte wako wa Magongo akakuambia yake ndio noma zaidi, ukaongeza na hiyo. Sasa mashine inawaka polepole kama foleni ya feri Likoni asubuhi, na fundi anasema dawa ni kuformati.

Tulia kwanza msee. Kabla hujatoa doo na kupoteza picha za harusi na kazi ya chuo, angalia kama ni walinzi wako wanapigana.

Kwa nini zinagombana?

Antivirasi yenye ulinzi wa muda wote inakaa katikati yako na faili zako. Kila faili ikifunguliwa, inaishika kwanza na kuikagua. Zikiwa mbili, zote zinang'ang'ania faili ile ile, na wewe unangoja. Ni kama ploti ya Kisauni yenye masoja wawili getini: kila mmoja anakagua mgeni upya, halafu wanaanza kushukiana wenyewe.

Na kweli zinashukiana. Antivirasi huweka faili mbaya ilizokamata kwenye karantini, na huwa na kumbukumbu ya alama za virusi. Nyingine ikichungulia huko inaweza kupiga kelele "virusi!", kumbe imeona stoo ya mwenzake.

Defender je?

Windows 10 na 11 zinakuja na Microsoft Defender, bila kulipa chochote. Ukiweka antivirasi nyingine inayojisajili na Windows, Defender hujitoa zamu yenyewe. Ukiitoa hiyo nyingine vizuri, Defender inarudi kazini. Kwa hivyo shida huanza ukileta mgeni wa pili.

Mgeni wa pili huingiaje?

Mara nyingi ni kile kiboksi chenye tiki tayari ukiinstoli programu ya bure. Mwaka wa 2020, Microsoft ilianza kutia alama baadhi ya vifurushi vya bure vya CCleaner kuwa programu isiyotakikana, kwa sababu vilibeba programu zingine ndani, zikiwemo antivirasi za Avast na AVG.

Na usidhani majina mawili ni ulinzi mara mbili. Avast ilinunua AVG mwaka wa 2016, na siku hizi zinatumia injini moja. Kuweka zote ni kuajiri soja mmoja na kumpa yunifomu mbili.

Malwarebytes ya bure iko tofauti kidogo. Inaanza na majaribio ya toleo la kulipia lenye ulinzi wa muda wote. Yakiisha, inabaki ya kuskani ukiiambia tu. Hiyo inaweza kukaa na Defender bila vita.

Jinsi ya kumaliza vita

1. Kopi faili zako muhimu kwa diski ya nje kabla ya kugusa kitu.
2. Fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, uone nani yuko zamu.
3. Chagua moja ubaki nayo. Zingine zitoe kupitia Settings, kisha Apps. Usifute folda tu, vipande vyake vitabaki ndani ya Windows.
4. Ikigoma kutoka, tafuta kifaa cha kuitoa kutoka tovuti ya kampuni yenyewe. Avast na AVG wanacho. Usiguse linki ya WhatsApp.
5. Zima, washa, kisha rudi Windows Security uhakikishe kuna mlinzi mmoja kazini.

Ikiwa bado inakwama baada ya hapo, inaweza kuwa diski imechoka, ramu ni kidogo au virusi vya kweli. Sasa mwite fundi, na mwambie ulichofanya.

Kosa baya kuliko yote ni kuchoka na kelele, ukazima zote mbili "kwa muda", halafu ukachomeka ile flashi ya saiba. Siku hiyo geti liko wazi na hakuna soja hata mmoja. Baki na mmoja, mpe apdeti, na kila flashi ikitoka nje iskani kabla ya kufungua chochote.