Berlin kwa Miguu, Nikimtafuta Mtoro

Novemba iliyopita nilikuwa Berlin siku nne kwa kazi ya tafsiri, na siku moja ikabaki yangu. Mgeni mwenye siku moja Berlin huwa anajua pa kwenda: Lango la Brandenburg, mabaki ya Ukuta, picha mbili tatu, basi. Mimi nilijiandikisha kwenye matembezi ya kuongozwa yanayopita sehemu zenye historia ya ukoloni. Nikiri mapema, ndugu msomaji, kwamba sikwenda kwa ajili ya ukoloni peke yake. Nilikuwa na jina la mtu ninayemtafuta: Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Tulikutana watu 12 mtaa wa Wilhelmstraße, baridi imetushika masikio. Kiongozi wetu alikuwa dada mmoja aliyezaliwa hapohapo Berlin, babu yake mtu wa Kamerun. Alitusimamisha mbele ya maghorofa ya kawaida kabisa, yale yaliyojengwa miaka ya mwisho ya Ujerumani Mashariki. Nguo zimeanikwa barazani, baiskeli zimefungwa kwenye nguzo. Palikuwa na kibao cha maelezo tu. Kumbe hapo ndipo lilipokuwa jumba la Kansela Bismarck, na ndani yake, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, wajumbe wa mataifa 14 walikaa kujadili Afrika bila Mwafrika hata mmoja mezani. Jumba lenyewe liliharibiwa katika Vita vya Pili vya Dunia, likabomolewa.

Dada alitusahihisha jambo ambalo hata mimi nilifundishwa shuleni hivyohivyo: eti wazungu walikaa na rula wakaikata Afrika kama keki. Mkutano ule ulihusu zaidi biashara na usafiri katika mito ya Kongo na Niger, na masharti ya taifa kujitangazia umiliki wa mwambao. Mipaka mingi ilikuja baadaye, kwa mikataba ya wawili wawili. Lakini akaongeza kitu kilichonifanya nisogee karibu. Wakati wajumbe wanakula na kunywa hapa, Carl Peters alikuwa Usagara na maeneo ya jirani, Novemba na Desemba 1884, akiwawekesha machifu alama kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Mkutano ukafungwa tarehe 26 Februari. Kesho yake, tarehe 27, Kaizari akatoa hati ya kulilinda shirika la Peters. Siku moja tu! Tanganyika ya Wajerumani ilianza na karatasi ile.

Hapo jirani kabisa ilikuwa wizara ya mambo ya nje. Kiongozi akasema tuikumbuke wizara hiyo, tutaihitaji mbele.

Tukapita mtaa uliokuwa ukiitwa kwa neno la zamani la kuwadharau watu weusi, ambao tangu Agosti 2025 unaitwa Anton-Wilhelm-Amo-Straße. Amo alizaliwa Axim, katika Ghana ya leo, akaletwa Ulaya angali mtoto, na katika karne ya 18 akafundisha falsafa katika vyuo vya Halle, Wittenberg na Jena. Kisha tukatokea Unter den Linden, mbele ya chuo kikuu ambacho leo kinaitwa Humboldt.

Hapa ndipo nilipokuwa napangojea. Mwaka 1887, chini ya chuo hiki, ilifunguliwa Seminari ya Lugha za Mashariki. Maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliokuwa wakijiandaa kwenda makoloni walisoma lugha hapo, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo. Kiongozi alieleza vizuri jinsi lugha ilivyotumika kutawala. Akamaliza, akageuka tuendelee.

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Dada, na wale waliokuwa wakifundisha? Waswahili wenyewe?"

Alinitazama kwa namna ya mtu asiyeona aibu kusema hajui. "Niambie," akasema.

Basi nikasimulia, kwa Kiingereza changu cha mashaka, na nitasimulia hapa kwa lugha inayostahili. Profesa wa Kijerumani alifundisha sarufi, lakini matamshi na mazungumzo yalihitaji mwenye lugha. Ndiyo maana wakaletwa walimu kutoka pwani yetu. Mmoja wa mwanzo alikuwa Amur bin Nasur wa Zanzibar, aliyefika miaka ya mwanzo ya 1890. Hakufundisha tu. Aliandika kwa Kiswahili habari za maisha yake na mambo aliyoyaona Ulaya, na Carl Büttner akazichapisha katika mkusanyo wake wa mwaka 1894. Fikiria, mtu anakaa kwenye baridi hii, anachovya kalamu, anaieleza Berlin kwa Kiswahili zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Baada yake akaja Mtoro, mwaka 1900. Huyu alikuwa Mzaramo wa Dunda, msomi wa dini aliyesomea Bagamoyo. Mwaka 1903 kikatoka kitabu *Desturi za Wasuaheli*, ambacho yeye ndiye mwandishi wake mkuu. Ukitaka kujua watu wa mrima walivyozaa, walivyocheza ngoma, walivyooa, walivyosafiri bara na misafara, utumwa ulivyokuwa ndani ya nyumba, ni kitabu cha kukaa nacho. Kinaeleza bila kujieleza kwa mzungu, kama mzee anayezungumza barazani na watu wanaomjua. Lakini kitafute maktaba: mara nyingi utakikuta chini ya jina la Carl Velten, profesa aliyekikusanya na kukihariri.

Mzee mmoja Mjerumani kwenye kundi akauliza, "Alirudi kwao?"

Swali zuri, jibu chungu. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke Mjerumani, Bertha Hilske, wakapanda meli kwenda nyumbani. Walipofika pwani ya Afrika Mashariki, utawala wa kikoloni ukakataa asishuke na mkewe. Mwafrika na mke mzungu, Dar es Salaam, mbele ya walowezi? Haiwezekani. Kwa hiyo mwandishi wa desturi za Waswahili akaiona pwani ya Waswahili kutoka melini, akarudishwa Ulaya. Aliishi Ujerumani hadi kufa kwake, Berlin, mwaka 1927.

Nilipomaliza, kiongozi alitoa daftari. "Mwinyi" unaliandikaje? Nikamtajia herufi moja moja. Na katika kutaja huko ndipo aibu yangu ikaja. Mimi mwenyewe nilimjua Mtoro ukubwani, kwa nakala ya mashine niliyopewa na rafiki, kurasa nyingine hazisomeki. Shuleni sikumsikia. Kitabu chake sijawahi kukiona dukani nyumbani. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilitoka mwaka 1981, na wenzetu wa vyuo vya nje wanaitumia. Mimi namlaumu kiongozi wa watalii wa Berlin kwa kutomjua, je, walimu wangu nimlaumu nani?

Tukatembea karibu nusu saa hadi Brunnenstraße, namba 193. Chini, katikati ya mawe ya njia ya waendao kwa miguu, kuna kijiwe cha shaba cha sentimita 10 kwa 10. Wajerumani huviita mawe ya kujikwaa, huwekwa mbele ya nyumba walizoishi watu walioangamizwa na Wanazi. Hiki kina jina la Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen.

Hapa kiongozi alikuwa nyumbani. Husen alikuwa askari mtoto upande wa Wajerumani, pamoja na baba yake, katika Vita vya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin, akaenda ile wizara ya Wilhelmstraße tuliyoambiwa tuikumbuke, kudai mshahara wao ambao haukulipwa. Akaambiwa amechelewa. Hakuondoka. Alifanya kazi ya kuhudumia wateja mezani, akaoa, akafundisha Kiswahili kwenye seminari ileile ya akina Mtoro, na akaigiza katika filamu zaidi ya 20, nyingi zikiwa za kuusifu ukoloni. Mojawapo, ya mwaka 1941, ilimtukuza Carl Peters. Mwaka huohuo alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani. Alifia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Wazee wetu wanasema kujikwaa si kuanguka, bali kwenda mbele. Nilipenda kuamini, nikiwa nimeinama pale. Lakini Husen alianguka kweli, na kilichokwenda mbele ni jina lake tu.

Mwisho tulipanda treni ya chini ya ardhi hadi Wedding, kwenye kitongoji kiitwacho Mtaa wa Kiafrika. Ni ajabu kutembea Sansibarstraße na Usambarastraße huku majani makavu yakikupiga usoni. Hapa pia palikuwa na barabara ya Carl Peters, iliyopewa jina lake mwaka 1939. Mwaka 1986 wakubwa wa mji walitangaza kwamba sasa Peters anayekusudiwa ni mwanasheria mwingine, Hans Peters. Vibao vikabaki vilevile, ujanja wa kuoga bila kuvua nguo. Ni Agosti 2024 tu ndipo jina lilipoondoka. Kipande kimoja kinaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke shujaa wa Namibia, na kingine Maji-Maji-Allee.

Yule mzee akasoma kibao, akauliza maji ni nini. Nikamwambia ni maji tu, ya kunywa, ya kuoga, na kwamba watu wa kusini mwa Tanganyika waliamini yatageuza risasi, wakainuka kuanzia 1905 hadi 1907, wakafa kwa maelfu mengi. Akalirudia neno mara mbili, polepole, hadi likakaa vizuri mdomoni.

Tulipoagana, kiongozi alinionyesha daftari kuhakikisha jina limeandikwa sawa. Lilikuwa sawa. Akasema wiki ijayo, akisimama mbele ya chuo kikuu, atalitaja. Mimi nimerudi Dar, nimeitoa ile nakala kabatini, na naianza upya ukurasa wa kwanza. Wewe unayesoma hapa, kama una nakala inayosomeka kuliko yangu, niandikie.