Innoss'B kabla ya "Yope": miaka tisa ya mtoto wa Goma

Bandugu, wengi wetu tulimjua Innoss'B mwaka 2019, wakati "Yope" ilipigwa katika kila ndoa na kila nganda hapa Kindu. Lakini ule wimbo haukuanguka toka mbinguni. Kati ya siku alijulikana mara ya kwanza na siku dunia ilimsikia, ilipita miaka tisa, na ile miaka njo nataka tuongelee.

Alizaliwa Goma mwaka 1997 kwa jina la Innocent Balume. Mimi pia ni wa ule mwaka, ndiyo maana namfuata kama mtu wa darasa langu. Alikuwa mtoto wa miaka minne wakati Nyiragongo ililipuka, Januari 2002, na lava ikapita katikati ya mji. Alianza kuimba pamoja na kaka zake, katika kikundi kinaitwa Maisha Soul. Mtazame lile jina: Kiswahili na Kiingereza. Kilingala hakimo.

Mwaka 2010 akashinda Vodacom Superstar, shindano la kuimba la kampuni ya simu. Alikuwa na miaka 13! Sisi huku tulikuwa tunapigana na mitihani ya sekondari, na mtoto wa rika letu anaonekana ku televizyo. Watu walisema amefika. Hapana, bana. Zawadi ni ya siku moja, kazi ni kitu kingine, na sauti ya mtoto wa miaka 13 ingali inabadilika. Sisi wenye diplome kabatini tunaelewa vizuri hiyo hadithi.

Kilichomsaidia yeye na rika lake ni ordinatere. Zamani, ili ujulikane katika muziki wa Kongo, ulihitaji orkestra nzima: magitaa, trompeti, ngoma, waimbaji, na patroni wa kulipa wote. OK Jazz ya Franco ilianza mwaka 1956, Zaïko Langa Langa mwaka 1969, na zote ni za kule kule, Kinshasa. Na toka huku mpaka kule, mnajua wenyewe, ni ndege ao hakuna. Rika letu likakuta midundo inatengenezwa ndani ya mashine: chumba kimoja, mikro moja, na jenereta umeme ukikatika. Innoss'B akachukua ile midundo ya mashine akaichanganya na uchezaji wa ndombolo. Kiuno na miguu yake vilifanya nusu ya kazi, tusidanganyane.

Lakini ordinatere haikuondoa Kinshasa. Mtazame nyimbo zilizomfungulia njia: "Ozo Beta Mabe", "Yope". Majina ya Kilingala. "Yo pe" maana yake ni "wewe pia". Mtoto wa Goma, mji wa Kiswahili, alipaswa kupita katika luga ya Kinshasa ili nchi yake imsikie. Kuna wenye wanasema ni usaliti. Mimi sikubali, soko njo linasema hivyo, kama vile mchele wetu wa Maniema unatafuta bei kwenye mnunuzi yuko. Ila inaniuma kidogo.

Halafu Septemba 2019 ikatoka remiksi pamoja na Diamond Platnumz. Mtanzania kutoka upande wetu wa Kiswahili akaingia katika wimbo wenye jina la Kilingala, na ile video ikapita mara milioni 100 ku YouTube. Yaani Dar es Salaam njo ilikuja kumchukua mtoto wa Goma, wakati sisi wa mashariki tulikuwa tunangoja Kinshasa itwambie kama anafaa.

Juzi katika ndoa moja, ng'ambo ya Lualaba, DJ aliipiga tena. Mama mkubwa wangu alicheza mpaka mwisho, akakaa, akaniuliza: "Huyu si mtoto wa Goma? Sasa kwao hawaongeaka Kiswahili?"